Klavye Iliyotoka Beni Mara Mbili

Jumanne, 8 Oktoba 2002

Leo ni siku ya kumi tangu niwe mke wa Ézéchias, na bado nikisikia mtu sokoni akisema "bibi ya Ézéchias" nageuka kumtafuta huyo mwanamke mwenye bahati, kisha nakumbuka kwamba ni mimi. Ee Mungu, aksanti. Nilifikiri furaha ya namna hii huandikwa kwenye kadi za harusi tu.

Nimeamua kuandika kila jambo katika daftari hili lililobaki na kurasa tupu tangu shule, ili nikizeeka nisome nikumbuke. Nyumba yetu ni ya mbao, iko Kimemi, ina vyumba viwili. Cha nyuma tunalala. Cha mbele Ézéchias anatengeneza redio za watu. Baridi ya hapa Butembo inaniuma mimi niliyezaliwa Beni kwenye joto, lakini asubuhi ananifunika mabega kwa koti lake kabla hajawasha makaa, na mimi najifanya bado nimelala ili anifunike vizuri zaidi.

Na tuna kompyuta. Mjomba wake Kasonia, anayefuata bidhaa Dubai, ametupatia zawadi ya harusi: sanduku lililogeuka rangi ya njano, kioo kizito kama chungu cha maji, na mashine ya kutoa karatasi zilizochapwa, inayolia kama panzi. Vyote vilitoka Ubelgiji zamani. Mwaka mzima vililala katika depo ya mjomba, na panya wakajenga kiota ndani ya klavye, yaani ule ubao wa herufi. Mikojo yao imekula nyuzi za ndani. Kwa hiyo kompyuta inawaka, lakini haisikii neno unaloiambia.

"Tutaitengeneza," Ézéchias akasema. "Kisha hapa mbele itakuwa secrétariat public, tunachapia watu barua zao, na bosi ni weye."

Nilisoma dactylographie, yaani kuchapa kwa mashine, miaka miwili kwa masista wa Beni. Sista wetu, Sista Godelive, alikuwa anatufunika mikono kwa kitambaa cheusi tusione herufi, mpaka vidole vijue njia vyenyewe. Tangu nimalize shule sijagusa mashine hata moja. Vidole vinaniwasha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua. Mama mkwe amekuja kuangalia kama nimepika. Nilikuwa nimepika.

Jumapili, 13 Oktoba

Kwao ni Waprotestanti, kwetu ni Wakatoliki. Leo nimekwenda kusali kwao, na kwa mazoea nikafanya ishara ya msalaba mbele ya watu wote. Ézéchias alikohoa ili asicheke. Mama mkwe hakukohoa.

Jina lake ni Virginie. Ni mwembamba, anatembea upesi, haongei sana. Kila akiona kompyuta anaita "lile sanduku".

"Mughole," ananiambia, maana yake bibi harusi kwa Kinande, "lile sanduku linakulaka nini?"

"Courant tu, Mama," namjibu, yaani umeme.

"Basi linakula, na halilimi."

Alhamisi, 17 Oktoba

Ézéchias ameifungua klavye. Alichomoa herufi moja moja kwa mkia wa kijiko, akaziosha kwa maji ya sabuni kama vikombe vya mtoto, nami nikazipanga juu ya kitambaa kufuata mpangilio niliosoma: A, Z, E, R, T, Y. Ndani kuna karatasi ya plastiki yenye mistari midogo ya rangi ya fedha, na mistari mingi imekatika. Aliifuta kwa pombe kali, akaiweka karibu na makaa ikauke. Tukaanza kuongea. Tukiongea sisi wawili, hakuna anayekumbuka kitu. Tulipogeuka, pembe moja ilikuwa imejikunja kama jani la ndizi juu ya moto.

Hakukasirika. Alisema, "Kosa ni ya macho yako." Naandika hili ili lisipotee.

Jumatano, 23 Oktoba

Siku tano amehangaika na ile plastiki. Amekata karatasi ya fedha ya pakiti za sigara kuwa nyuzi nyembamba na kuunga pale palipokatika. Leo mchana, Stanislas mwenye moulin, mashine ya kusaga mihogo, hapo jirani alipowasha jenereta yake (anatupatia waya mmoja mpaka saa kumi na moja), tulichomeka klavye na kujaribu herufi zote. Zilizokuwa hai ni tisa: A, D, E, I, K, L, N, P, U.

Ézéchias alizitazama muda mrefu. Kisha kwa kidole kimoja, pole pole kama kuku anayedonoa, akaandika kwenye kioo: ELIANE NAKUPENDA.

"Unaona? Zile za lazima zilibaki."

Nikamwomba aandike jina lake karibu na langu. Akatafuta Z, hakuna. C, hakuna. H, S, hakuna. "Mimi hapana andikika," akasema, akacheka, lakini niliona kwamba jambo hilo lilimchoma kidogo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nyuzi za sigara zimebanduka. Sasa hata Eliane haandikiki.

Jumatatu, 4 Novemba

Edmond, mwanafunzi wa chuo anayekaa nyuma ya kanisa, amekuja na kazi yake ya mwisho wa masomo, kurasa sitini za mkono, juu ya ugonjwa wa migomba. Anatakiwa kuiwasilisha kabla ya Krismasi. Anataka mimi ndiye niichape. Nimemwambia ndiyo kabla sijafikiri, na sasa nina kazi bila klavye.

Ézéchias amesikia. Kesho anapanda camion, lori la mizigo, kwenda Beni kununua vipuri vya redio, anasema, na ataulizia klavye pia, kwa sababu vitu vya Uganda vinapita kule kwanza. Barabara siku hizi watu wanaizungumza kwa sauti ya chini. Nimemfungia vikwanga vitatu vya mihogo, na nimempa salamu kwa wazazi wangu, kwenye commune ya Beu. Bado hajaondoka, na tayari nyumba imekuwa kubwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Amerudi. Hakupata klavye. Nimemwambia haidhuru, na ni kweli: mimi nilikuwa nangoja yeye.

Jumamosi, 9 Novemba

Kutwa nzima shambani na mama mkwe, kupalilia maharagwe. Amenionyesha jinsi ya kushika jembe fupi nisiumize mgongo, bila kunisifu. Tuliporudi Ézéchias alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, mikono magotini. Nilipomuuliza akasema amechoka. Hakula vizuri.

Jumatatu, 11 Novemba

Amekwenda Beni tena. Kuna mtu kule mwenye redio kubwa ya kanisa iliyoharibika, ndivyo alivyosema, na hakunitazama alipokuwa akisema. Chini ya koti alibeba kitu kirefu kilichofungwa katika gunia.

Jumanne, 12 Novemba

Naona aibu kuandika haya, lakini daftari ni langu. Stanislas amesema, akijitikisa unga kwenye nywele, "Bwana yako anaipenda Beni kuliko weye muzaliwa wa kule." Alikuwa anatania. Mimi nimekaa na ule utani kama jiwe kwenye kiatu. Kwa nini safari mbili kwa wiki moja? Kwa nini gunia? Mwezi mmoja na nusu tu, na tayari nina mume mwenye siri.

Alhamisi, 14 Novemba

Hajarudi. Alisema siku mbili. Mvua kutwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Camion kutoka Beni hazikuja leo, wala jana. Sokoni wanasema kumekuwa na risasi njiani, wengine wanasema ni kizuizi tu, wanajeshi wanashusha watu na kuwabebesha mizigo mpaka porini. Mwanamke mmoja anayeuza samaki wa chumvi alikuwa anasimulia kila kitu kwa mikono. Nilimwacha bado anasimulia.

Mama mkwe amepita asubuhi na kupita jioni. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akatazama koti la Ézéchias la pili lililotundikwa msumarini, akaondoka kwa mwendo wake ule wa upesi. Nilifikiri: hata neno moja la kunifariji hana.

Jumamosi, 16 Novemba

Hakuna.

Jumapili, 17 Novemba

Nimesali kwa Waprotestanti asubuhi, kisha nikateremka kusali kwa Wakatoliki. Nilitaka kuomba kwa milango yote miwili. Sikuogopa kufanya ishara ya msalaba pale wala kuimba kwa sauti hapa.

Jumatatu, 18 Novemba

Lazima niandike siku hii vizuri, maana nimekosea juu ya watu wawili, na nataka nikumbuke jinsi nilivyokosea.

Saa nne mama mkwe aliingia. Aliingia kabisa, akakaa kwenye kiti cha wateja wa redio. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne.

"Soma," akasema.

Ilikuwa karatasi ya phonie, ile redio ya kuongea na miji mingine, iliyo kule juu ya kilima. Yule kijana wa phonie alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: EZECHIAS IKO BEU KWA BABA MUKWE. IKO MUZIMA. BARABARA IKIFUNGUKA ANAKUYA.

Nilisoma, nikasoma tena kwa sauti.

"Rudilia," akasema mama mkwe. Hajui kusoma. Kijana wa phonie alimwambia kwa mdomo, lakini alitaka kusikia karatasi yenyewe ikisema. Nikarudia. Akaichukua, akaitazama, akaniuliza ni wapi palipoandikwa mtoto wake. Nikaweka kidole mwanzoni. Akatazama pale muda mrefu, kisha akaikunja mara nne na kuirudisha kwenye fundo.

"Mama, umeenda phonie lini?"

"Leo. Na juzi. Na siku ile nilipita hapa."

"Mbona hapana kuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kama hakuna habari? Mughole analia, mimi nalia, maharagwe nani atapalilia?"

Nikaanza kulia hapo hapo, nikamwambia yote, hata ule wasiwasi wangu wa kijinga, hata gunia. Hapo akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona: alicheka. Meno ya mbele mawili hana, na anapocheka anafanana na Ézéchias kabisa.

"Mwanamuke ndani ya gunia?" akasema. "Ilikuwa klavye."

Kumbe safari ya kwanza aliipata. Aliificha kwa mama yake chini ya kitanda, ili anipatie kama zawadi nikitoka shambani. Siku ile ya maharagwe mama mkwe alinichelewesha makusudi, alinizungusha ekari nzima nikifikiri ananitesa. Nyumbani Ézéchias aliichomeka ili aone kama inafanya kazi.

"Ikawa mbovu," mama mkwe akasema. "Aliona haya. Akasema, mimi siwezi kumupatia bibi yangu kitu kibovu. Donc basi, akaenda kuirudisha."

"Mbovu namna gani, Mama?"

"Sijue mambo yenu. Alisema anagusa herufi moja, inatoka ingine. Hata jina yake iliharibika."

"Zote zinatoka vibaya?"

"Hapana zote. Zile ingine zinatoka muzuri. Njo maana ilimukasirisha."

Nikasimama. Nikakaa tena. Kwa masista tulikuwa na mashine moja iliyotoka Uganda, ya Kiingereza, ambayo herufi chache zilikaa mahali pengine: penye A yetu wao wana Q, penye Z yetu wao wana W. Sista Godelive aliiweka juu ya kabati, hakutaka itupoteze vidole. Klavye ya Beni nayo imetoka Uganda. Lakini kompyuta yetu ilitoka Ubelgiji. Yenyewe imezoea mpangilio wa Kifaransa, na inasikiliza mahali kidole kilipogusa, haisomi kilichochorwa juu. Mume wangu anatafuta herufi kwa macho. Mimi sitafuti kwa macho.

Kama ni hivyo, ile klavye haikuwa mbovu hata siku moja. Kama angeniita tu, kama angeniambia "kaa hapa ujaribu", asingepanda camion ile ya pili. Yuko nyuma ya risasi kwa sababu alitaka kunipa kitu kisicho na kasoro. Nampenda mpaka naumwa, na ningemchapa kofi.

Mama mkwe aliniachia ndizi alizobeba. Mlangoni akasema, "Kula. Akikukuta mukonde atasema nilikunyima." Nilimjibu kwa Kinande chake, "Wasingya, Mama." Yaani aksanti. Sijawahi kulisema neno hilo kwa moyo namna hii.

Jumatano, 20 Novemba

Hakuna camion. Tumepalilia pamoja. Sasa naona kwamba anapokaa kimya anahesabu siku, kama mimi.

Ijumaa, 22 Novemba

Edmond amekuja kuuliza kuhusu migomba yake. Nimemwomba angoje. Amesema atangoja, lakini macho yake yalikuwa yanaangalia njia ya secrétariat nyingine.

Jumapili, 24 Novemba

Amerudi. Amerudi. Amerudi.

Jumatatu, 25 Novemba

Jana sikuweza kuandika zaidi, mkono ulikuwa na kazi ya kumshika.

Walikuja kundi la watu kumi na wawili, nusu ya njia kwa miguu, wakizunguka kizuizi kupitia mashamba ya kahawa. Viatu vyake vimekwisha. Amekonda. Begani, katika lile gunia lile lile, alikuwa na klavye ile ile, na aliiweka mezani bila kunitazama.

"Eliane, nilikudanganya," akasema. "Niliinunua ile mara ya kwanza. Ni mbovu. Nilimurudishia muuzaji, akaichomeka kwake, kwake inaandika muzuri kabisa. Alinicheka mbele ya batu. Akasema, fundi wa redio arudie redio zake. Donc ni ordinateur yetu, hii kompyuta, njo mubovu, na klavye nayo haikubali. Nimekuletea hasara mbili."

"Uliandika nini siku ile?"

"Jina yako. Penye A ikaweka Q. Nikaandika jina yangu, ikaandika kitu hata shetani hapana kuitwa vile. Ewechiqs."

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akimtazama mtoto wake kama mtu anayekagua mzigo uliofika salama. Nje moulin ya Stanislas ilikuwa inanguruma, maana ilikuwa mchana na watu walikuwa na mihogo mingi. Nikamwomba mume wangu achomeke.

"Eliane, nimekuambia—"

"Chomeka tu, mupenzi."

Akachomeka. Nikakaa. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, naomba kitambaa chako cha kichwa." Akanivulia bila kuuliza; sikuwahi kuona nywele zake, zote ni nyeupe. Nikakitandaza juu ya mikono yangu na juu ya herufi, kama Sista alivyotufundisha. Nikafumba macho. Miaka miwili sijaandika. Niliogopa kwamba vidole vimesahau, na kwamba nimejenga tumaini juu ya mashine moja ya juu ya kabati. Kidole kikatafuta kile kijipu kidogo kilicho juu ya herufi ya katikati, kinachoonyesha pa kuanzia, kikakipata. Nikaandika.

Sikufumbua macho. Nilingoja. Nilisikia jenereta, nikasikia kiti kikisogea, kisha nikasikia mume wangu akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa kwenye maji.

"Andika tena," akasema.

Nikafumbua macho, nikatazama kioo: EZECHIAS. Z ilikuwepo, C na H na S, na A mahali pake.

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinama, akagusa W kwa kidole chake kimoja akaona Z inatokea, akagusa tena, akagusa tena. "Kwa hiyo ilikuwa nzima," akasema. "Siku zote ilikuwa nzima. Mimi njo nilipaswa kukuita."

"Njo hivyo. Siku ingine uniite."

"Nitakuita."

"Hata kama ni zawadi."

"Hata kama ni zawadi."

Akachukua kijiko na kutaka kuchomoa A na Q, Z na W, azibadilishe ili herufi zifanane na kile zinachoandika. Mama yake akamzuia. "Wacha vile vile," akasema. "Mwizi akiiba hataweza kuitumia." Tulicheka mpaka Stanislas akaja kuuliza nani ameoa tena.

Jumamosi, 30 Novemba

Kurasa ishirini na mbili za migomba. Edmond anakaa karibu yangu akinisomea, na anashangaa ninavyoandika nikiangalia dirishani. Mihogo ikiwa mingi kwenye moulin, courant inashuka na kioo kinakonyeza. Ninahifadhi kila mistari mitatu.

Jumatatu, 9 Desemba

Maharagwe yameanza kukauka. Kutoka upande wa Beni watu wanazidi kufika na magodoro kichwani, na familia moja inalala katika darasa la kanisa. Mama mkwe amewapelekea kikapu. Najua jinsi wanavyotazama barabara. Ninaposali sasa, nasali nao.

Ijumaa, 20 Desemba

Kazi ya Edmond imekwisha, kurasa sitini na nne, ameipeleka leo, siku tatu kabla ya mwisho. Ézéchias amechora kibao kwa rangi ya bluu: SECRÉTARIAT ELIANE. Nilimwambia aongeze jina lake. Akasema lake limeshaandikwa inavyotosha.

Jumanne, 24 Desemba

Maharagwe yako ndani, magunia manne. Mvua imekatika. Nyumba inanuka majani makavu, na mume wangu anapiga mluzi akifungua redio ya mtu.

Mchana huu karatasi ya mwisho kabla ya Krismasi nilitaka iwe yetu, kwa hiyo nilichapa ukurasa mmoja tu, wenye majina yetu watatu katikati: VIRGINIE, EZECHIAS, ELIANE. Mashine ya panzi ikalia, karatasi ikatoka. Nikampa mama mkwe. Akaishika kwa mikono miwili, kichwa chini miguu juu, nami nikaigeuza pole pole.

Akaiweka juu ya meza. Akafungua fundo la kitenge na kutoa ile karatasi ya phonie, ambayo sasa imechakaa kwenye mikunjo, akaitandaza kando ya ile mpya. Aliinama. Kidole chake kikaanza kutembea kwenye ukurasa wangu, kikapita jina lake mwenyewe bila kusimama, kikafika kwenye lile la katikati. Kidole cha mkono wa pili akakiweka mwanzoni mwa karatasi ya phonie. Akalinganisha herufi kwa herufi, kama mtu anayechagua mbegu.

"Hii na hii," akasema, "ni moja."

"Njo yeye, Mama," nikasema.

Akazikunja zote mbili pamoja, mara nne, akazifunga kwenye kitenge.